Mshika Kamba

Ogweno yuko chini, mimi niko juu.
Ndiyo kazi yetu hapa Awasi:
yeye anachimba, mimi navuta,
na Mama Abuto anahesabu futi
kwa vifundo vya kamba, maana analipa kwa futi
na haamini mdomo wa mtu.

Futi sita za kwanza ni ule udongo mweusi
unaong'ang'ania gambuti kama mdai.
Kiangazi hupasuka na kumeza funguo za watu;
masika huvimba, ukasukuma kuta
mpaka mlango ukatae fremu yake.
Ndoo inapanda nzito, inashuka nyepesi.
Naimwaga. Naishusha.

Kisha rangi inabadilika.
"Mchanga!" anaita Ogweno,
sauti kama inatoka tumboni mwa ng'ombe.
Mchanga wa mto, hapa, katikati ya shamba,
na Nyando yenyewe ni mwendo wa saa nzima.
Kumbe mto nao huhama nyumba
ukaacha kitanda.

Futi kumi na tisa: kijivu laini, kama unga wa mtama,
kinapeperuka kabla sijakimwaga.
Majivu. Nani alipika hapa?
Nageuka mashariki namtazama Tinderet,
amejitanda ukungu, mpole kama bibi kanisani,
kama mtu ambaye hajawahi kuchoma kitu.

Futi ishirini na saba: mawe.
Si makubwa. Kama mayai ya bata,
yana vidoa vyeupe na waridi, yanametameta.
Nayajua. Ni matale ya ukuta wa Nandi,
ule wa buluu unaotuzibia kaskazini.
Huko juu, kwa Birgen niliyechuma naye chai misimu miwili,
mawe haya haya yana kona, yanakata nyayo.
Jua huyachoma mchana, baridi huyakaza usiku,
mzizi wa mti huingiza kidole kwenye ufa,
siku moja yanaachia.
Baada ya hapo ni maji, na kusuguana.
Safari ndefu haimwachii mtu kona zake.

Kila mwaka Birgen alinionyesha
mizizi ya chai iliyobaki nje kama mbavu.
"Shamba langu limeshuka tena kwenu," alisema,
nami nikacheka.
Kwetu lilikuja usiku, mwezi wa nne,
likaingilia dirishani, likapanda mpaka godoro,
likaondoka na kuku wa mke wangu,
likaacha tope shubiri mbili.
Mwaka huo mpunga ulizaa mpaka tukaazima magunia.
Haba na haba hujaza kibaba, sawa.
Ila sijasikia methali
ya kibaba kinachopungua upande wa pili.

Na milima haikutani, walisema.
Hawakuwahi kushika kamba ya ndoo.
Leo Tinderet na Nandi nimewapandisha pamoja,
wamelowa, wamebanana kwenye plastiki ya lita ishirini,
na malengelenge ni ya kiganja changu.

Futi thelathini na nne, Ogweno akanyamaza.
Halafu: "Miguu imelowa."
Mama Abuto akahesabu vifundo mara mbili.

Usiku ikanyesha, ya haraka, ya hasira.
Asubuhi nikakuta lundo letu limechongwa.
Lilikuwa limepinduka tangu jana:
mawe yaliyotoka mwisho yamekaa kileleni,
udongo mweusi uliokuwa juu sasa ndio msingi.
Ubavuni, makorongo membamba kama kidole,
na chini yake uwanda mdogo wa tope,
laini, umetandazwa kama shuka ya mgeni,
na kijito kimoja kinapinda kukwepa jiwe
ambalo bado halijaamua kuanguka.

Ogweno akachukua sepeto asawazishe.
Nikamwambia, ngoja kidogo.
Mama Abuto hajaleta chai.